Namna ya kuizunguka Bangkok ya zamani kwa miguu: mahekalu, mifereji na vichochoro

Wengi wetu tukienda Bangkok tunafikia Pratunam, tunazunguka maduka ya nguo za jumla mpaka miguu inawaka moto, halafu siku ya mwisho ndo mtu anakumbuka kwamba kuna mahekalu, anachukua teksi saa saba mchana, jua la utosi, foleni imekaba kila kona, anapiga picha mbili tatu anarudi hoteli kufunga mizigo. Ule mji unastahili zaidi ya hapo jamani. Sehemu ya zamani sio kubwa kama watu wanavyodhani, tena ilijengwa kabla gari halijawazwa, kwahiyo usafiri wake wa kweli ni miguu na boti. Na ukitaka kuifaidi, usiipange kwa orodha ya mahekalu, ipange kwa saa. Kila mahali pale pana saa yake, ukifika saa isiyo yake hata hekalu zuri kuliko yote unaliona adhabu, ukifika saa yake hutaki kuondoka.

Kwanza uelewe ramani maana ukishaielewa hupotei. Mwaka 1782 mfalme Rama wa Kwanza alihamisha mji mkuu kutoka Thonburi, ng'ambo ya magharibi ya mto Chao Phraya, akauleta upande wa mashariki. Upande mmoja mto unazunguka kama upinde, upande wa pili wakachimba mfereji, ikawa kama kisiwa, ndo wanakiita Rattanakosin. Pale ilipojengwa Ikulu Kuu walikuwa wanakaa wafanyabiashara wa Kichina, wakahamishwa kusini kidogo kufuata mto, na huko walikohamia ndo Chinatown ya leo, Sampeng na Yaowarat. Kwahiyo una vipande vitatu tu vya kukumbuka: Ikulu na mahekalu ya pembeni ya mto, upande wa mfereji wenye mlima wa dhahabu, na Chinatown. Kutoka Ikulu mpaka mwisho wa Chinatown ni kama kilomita tatu hivi, mtu mzima anatembea bila tabu, shida sio umbali, shida ni jua.

Ndo maana kama unaweza kuchagua tarehe, nenda kati ya Novemba na Februari. Machi kwenda Mei ni joto la kukutoa roho, Aprili ndo baba lao. Kuanzia Mei mpaka Oktoba ni mvua, ila mvua yao mara nyingi inashuka mchana au jioni kwa nguvu halafu inakata, kwahiyo hata msimu huo asubuhi unatembea vizuri tu, beba mwavuli mdogo ambao siku ya jua utakufaa pia.

Mavazi. Hapa watu wanasumbuka sana getini bila sababu. Ikulu Kuu ndo wakali kuliko wote: mabega yafunikwe, suruali au sketi ndefu, hakuna bukta, hakuna taitsi, hakuna nguo inayoonyesha mwili wala jinzi iliyochanwa. Na usitegemee kujitupia mtandio begani, vaa kabisa tisheti au shati lenye mikono. Mahekalu mengine wanalegeza kidogo, na hapo kanga moja kwenye begi inasaidia sana, unajifunga kiunoni ukiingia, ukitoka unafutia jasho, ukikaa kivulini unatandika. Viatu vaa vya kuvua haraka, maana kila ukumbi wenye sanamu la Budha unavua, na kwa siku unaweza kuvua mara kumi, sasa fikiria kila mara unafungua kamba. Ila visiwe kandambili laini za kuogea, lami ya Bangkok saa sita mchana inapenya soli. Soksi pia beba, sakafu ya marumaru iliyopigwa na jua inaunguza nyayo kwelikweli.

Hela ndogondogo za baht uwe nazo, noti za ishirini na mia, kwa sababu boti na wauza chakula wa barabarani hawapendi noti ya elfu. Pasipoti acha hoteli, tembea na kopi au picha kwenye simu. Nunua laini ya simu pale pale uwanja wa ndege ili ramani ifanye kazi, na pawabenki ijae.

Siku ya mto

Amka mapema. Panda treni ya chini ya ardhi, MRT laini ya bluu, shuka Sanam Chai. Kituo chenyewe kimepambwa nguzo na dari kama ukumbi wa ikulu, usipite mbio, angalia juu. Ukitoka nje uko dakika chache kutoka hekalu la Wat Pho (wat kwao ni hekalu), lakini usiingie bado, wewe endelea kufuata ukuta mweupe mpaka Ikulu kwa sababu Ikulu inafungua saa mbili na nusu asubuhi na baada ya saa nne mabasi ya watalii yakishamwaga watu hutaona kitu zaidi ya migongo.

Sikiliza hapa vizuri. Geti la wageni liko upande wa kaskazini, barabara ya Na Phra Lan. Ukiwa unatembea pembeni ya ukuta, huku kusini na magharibi, atatokea mtu nadhifu kabisa, labda na kitambulisho shingoni, Kiingereza kizuri, tabasamu, anakwambia leo Ikulu imefungwa, kuna ibada, au ni siku ya Wabudha, itafunguliwa mchana, ila ana rafiki yake mwenye tuktuk atakuzungusha mahekalu mengine kwa baht ishirini tu. Hiyo tuktuk itakupeleka kwenye duka la vito na la suti, utabanwa humo mpaka ununue, na hicho kito hakina thamani waliyokwambia. Utapeli huu ni wa miaka mingi na bado watu wanaliwa kila siku. Dawa yake ni fupi: mshukuru, usisimame, tembea mpaka getini ujionee kwa macho yako. Kama kweli pamefungwa utaona geti limefungwa. Serikali yenyewe imeweka matangazo ya kipaza sauti na mabango kuonya watu.

Kiingilio ni baht 500, ndo ghali kuliko vyote siku hiyo, na kinastahili. Humo ndani ndo kuna Wat Phra Kaew, hekalu la Budha wa Zumaridi. Watu wanategemea sanamu kubwa, kumbe lina urefu wa kama sentimita 66 tu, limekaa juu kabisa kwenye kiti cha dhahabu, limechongwa kwa jiwe la kijani, na mfalme mwenyewe ndo analibadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka, ya joto, ya mvua na ya baridi. Humo ndani hakuna kupiga picha, kofia unavua, unakaa chini miguu ukiikunja nyuma, usinyooshe nyayo kuelekea sanamu, kwao ni dharau kubwa. Na ukiingia mlangoni vuka kizingiti, usikikanyage.

Kitu ambacho wengi wanakipita ni korido inayozunguka hekalu lote. Kuta zake zimechorwa hadithi ya Ramakien, vipande 178, vita vya majitu na jeshi la nyani, Hanuman, yule nyani shujaa, yuko kila mahali, kuna sehemu kajigeuza mkubwa mpaka watu wanavuka juu yake kama daraja, na pembeni kabisa ya picha utaona watu wa kawaida wanapika, wanacheza kamari, mama anambembeleza mtoto. Kuna kivuli, kuna upepo, na hakuna msongamano. Mimi hapo ndo ningekushauri umalize nusu ya muda wako.

Ukitoka, rudi kusini mpaka Wat Pho. Kiingilio baht 300. Hili hekalu lilikuwepo kabla Bangkok haijawa mji mkuu, Rama wa Kwanza alilikuta akalijenga upya. Budha aliyelala ana urefu wa mita 46, kimo mita 15, jengo limembana mpaka huwezi kumwona wote kwa mkupuo mmoja, unamsoma kipande kipande, uso, mkono, kiuno, mpaka miguuni ambako nyayo zake zimenakshiwa kwa lulumizi, alama 108 za heri. Ukizunguka upande wa mgongoni utasikia mlio, kling kling kling bila kukoma, kuna mabakuli ya shaba 108 yamepangwa kwa mstari ukutani na watu wanadondosha sarafu moja moja kila bakuli. Unachukua kikombe cha vijisarafu kwa baht ishirini na wewe unajiunga kwenye foleni. Kama imani yako haikuruhusu basi simama tu usikilize, ule mlio ukijaa ukumbini unatuliza kichwa vibaya mno.

Wengi wakishamuona aliyelala wanatoka. Wewe usitoke. Huko nyuma kuna ua baada ya ua, minara ya wafalme iliyopambwa vigae vya maua, majitu ya mawe yaliyokuja na meli kutoka China, na kuna mabanda yenye mabamba ya mawe ukutani yanayoonyesha mishipa ya mwili na sehemu za kukanda, Rama wa Tatu aliamuru elimu ya tiba ichongwe pale ili kila mtu aisome, na UNESCO wameiweka kwenye kumbukumbu za dunia. Shule ya kukanda ya kitamaduni bado ipo humo humo. Saa sita saa saba mchana, jua likiwa kali, kakandwe miguu pale. Hakuna matumizi mazuri zaidi ya hiyo saa, na mchana utaondoka unatembea kama asubuhi.

Jua likianza kulegea, kama saa tisa na nusu hivi, vuka barabara uende gati la Tha Tien, panda kivuko cha baht chache tu mpaka Wat Arun ng'ambo. Kiingilio baht 200. Kwa mbali ule mnara unaonekana wa jiwe la kijivu, ukiusogelea unakuta mwili wake wote ni vipande vya vyombo vya kauri vya Kichina, sahani na bakuli zilizovunjwa zikapangwa kuwa petali za maua, vingine bado unaona ukingo wa sahani. Sogea karibu kabisa uangalie, ukiupiga picha ya mbali tu hujauona. Ngazi ni za mwinuko mkali, kupanda unaweza kirahisi, kushuka shika reli na usiangalie simu. Inafungwa saa kumi na mbili jioni, kwahiyo rudi na kivuko upande wa Tha Tien kabla jua halijazama ulitazame linavyozama nyuma ya mnara, halafu taa zinawashwa. Utaona watu wanalipa hela nyingi kwenye hoteli za ghorofani kwa ajili ya hiyo picha, na gatini unaiona bure.

Kutembea barabarani kwenyewe

Magari yanapita kushoto, lakini usitegemee pundamilia, kule mistari ya barabarani ni pambo. Tumia madaraja ya juu, au subiri wenyeji wakivuka ujiunge nao na utembee mwendo ule ule bila kurudi nyuma ghafla. Pikipiki zinapanda mpaka njia ya waenda kwa miguu, tena kwa upande usioutegemea, kwahiyo kabla hujakwepa muuza embe geuza shingo kwanza. Nyaya za umeme zimening'inia chini, mtu mrefu inamisha kichwa. Baada ya mvua vigae vya njiani vinakuwa vimelegea na chini yake kuna maji machafu, ukikanyaga yanakurukia mpaka magotini.

Ukimuona mtawa, wale wenye vitambaa vya rangi ya chungwa, mpishe njia. Mwanamke hamgusi wala hampi kitu mkono kwa mkono. Na saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ukisikia wimbo wa taifa kwenye vipaza sauti vya stesheni au bustanini, utaona watu wote wamesimama kimya, simama na wewe. Mfalme na familia yake usiwaongelee vibaya hata kwa utani, hiyo ni kesi na watu wanafungwa kweli.

Ukichoka, ingia kiduka chochote cha saa ishirini na nne, viko kila kona, AC inapuliza, maji ya baridi ni baht chache. Hiyo ndo namna Wathai wenyewe wanavyovuka mchana, kutoka AC moja kwenda nyingine.

Siku ya mfereji

Hii ndo siku ninayoipenda zaidi, na kwa aliyefikia Pratunam ni rahisi ajabu maana pale pale Pratunam chini ya daraja kuna gati la boti za mfereji wa Saen Saep, na boti inayoelekea magharibi inakwenda mpaka Phanfa, mlangoni mwa mji wa zamani. Nauli ni ndogo, teksi ingekula mara kumi ya hapo na foleni juu. Boti haisimami vizuri, inagusa gati tu, watu wanaruka, shika kamba uingie haraka usogee katikati. Kondakta anatembea ukingoni kwa nje amevaa helmeti, anadaka hela huku boti imechanganya, na paa linashushwa kupita chini ya madaraja. Pembeni kuna turubai la plastiki lenye kamba, ukikaa dirishani hiyo kamba ni jukumu lako, boti nyingine ikipishana na yenu vuta turubai juu haraka, yale maji hutaki yakuguse mdomoni. Kule kuna ujenzi wa reli ya chini ya ardhi, kwahiyo ikitokea boti haifiki Phanfa shuka inapoishia utembee kufuata mfereji, mlima wa dhahabu utauona mbele yako. Ukiona kenge mkubwa anaogelea usishtuke, ni mwenyeji, hana shida na mtu.

Anza na huo mlima, Wat Saket, wanafungua saa moja asubuhi, baht 100. Bangkok yote ni tambarare, hicho ni kilima cha kutengenezwa na watu. Rama wa Tatu alitaka kujenga mnara mkubwa, udongo laini wa pale haukuubeba, ukadidimia na kuporomoka, ukabaki kichuguu cha matofali kilichoota miti, wafalme waliofuata ndo wakakigeuza kilima na kuweka mnara wa dhahabu juu. Ngazi zaidi ya 300 lakini ni za taratibu, zinazunguka kwenye miti, njiani kuna kengele unazigonga, na juu unaona mji mzima, ukigeuka upande huu mapaa ya mahekalu upande ule maghorofa ya vioo.

Ukishuka, usikimbilie hekalu lingine. Ulizia Ban Bat, kichochoro kiko kusini ya kilima, mwendo wa dakika chache. Hapo kuna familia chache zilizobaki zinazotengeneza kwa mkono bakuli za watawa za kuombea chakula, kazi iliyoanza tangu enzi za Rama wa Kwanza. Utaisikia kabla hujaiona, ngo ngo ngo ya nyundo. Bakuli moja linaungwa kwa vipande vinane vya chuma, vinane kwa ajili ya njia nane za mafundisho ya Budha, wanapasha, wanaunga, halafu mtu anakaa chini na nyundo anapiga mshono mpaka unalala kabisa huuoni tena, pembeni bakuli zilizoiva zimepangwa nyeusi zinang'aa. Viwanda vinatoa bakuli za bei rahisi siku hizi, kwahiyo hawa wanaishi kwa wachache wanaothamini. Omba ruhusa kabla ya picha, na kama una uwezo nunua dogo. Hakuna tiketi, hakuna foleni, na kwangu hii inazidi nusu ya vivutio vya kulipia.

Toka hapo rudi ng'ambo ya mfereji uone Loha Prasat, jengo lenye minara 37 ya chuma, kila mmoja na fadhila yake ya kumfikisha mtu kwenye mwanga, unapanda ngazi ya mzunguko katikati mpaka juu. Kisha fuata barabara ya Bamrung Mueang. Hiyo barabara maduka yote yanauza vitu vya ibada, masanamu ya Budha makubwa kuliko mtu yamefungwa plastiki ya njano yamepangwa njiani yanasubiri kupakiwa kwenye pikapu, mishumaa, miavuli, viti vya watawa. Mwisho wake unatokea kwenye bembea kubwa jekundu, nguzo ndefu za mti wa msaji, ambapo zamani vijana walikuwa wanabembea juu angani kudaka kwa meno mfuko wa sarafu, mchezo uliosimamishwa mwaka 1935. Wat Suthat iko hapo hapo mbele, tulivu, kuta zimejaa michoro, na Budha wake mkubwa wa shaba aliletwa kwa mto kutoka mji wa kale wa Sukhothai. Keti humo mchana upite.

Saa kumi shuka kusini mpaka Pak Khlong Talat, soko la maua. Halilali, saa zote 24 liko wazi. Akina mama wanatunga shada za yasmini kwa sindano ndefu, vidole vinakwenda kasi huku wanapiga stori hawaangalii hata, na magunia ya marigodi ya njano yanapita kichwani kwako. Ukisikia mtu anapiga kelele nyuma yako ujue kuna mkokoteni, pisha.

Kutoka sokoni elekea mashariki uingie Sampeng, kichochoro chembamba cha vitu vya kushonea, vifungo, riboni, mabegi, vyote vya jumla. Wafanyabiashara hapa mtajisahau, ila duka nyingi zinafunga jioni. Ukitokea upande wa pili uko Yaowarat, na Yaowarat saa yake ni giza likishaingia, mabango ya neoni ya Kichina yanawaka yote, meza zinatolewa barabarani, moshi wa majiko umejaa. Kabla ya hapo kama unawahi, Wat Traimit mwisho wa barabara ina Budha wa dhahabu wa tani tano na nusu, miaka na miaka alikuwa amepakwa plasta watu hawajui kilichomo, mwaka 1955 wakati wanamhamisha akadondoka, plasta ikapasuka, dhahabu ikaonekana. Funga yake ni jioni kwahiyo hesabu muda.

Kwa Waislamu, Chinatown nguruwe ni mwingi sana, hata kwenye supu na mafuta, kwahiyo angalia alama ya halali ya kijani yenye maandishi ya Kiarabu mezani kwa muuzaji, usiulize tu kwa ishara. Maeneo ya uhakika ni vichochoro vya msikiti wa Chakrabongse karibu na barabara ya Khao San, na msikiti wa Haroon huko barabara ya Charoen Krung, soi (kichochoro) ya 36, kuna mama ntilie wa Kiislamu wanauza khao mok gai, wali wa manjano na kuku wenye viungo na kachumbari ya tango, na roti za moto. Asiye na masharti ale popote penye foleni ya wenyeji, foleni ndefu maana yake chakula hakijalala.

Kurudi, kumbuka boti za mfereji zinaacha mapema jioni, wikiendi mapema zaidi, kwahiyo usizitegemee. Kituo cha MRT cha Wat Mangkon kiko katikati kabisa ya Chinatown na treni zinakwenda mpaka karibu saa sita usiku. Ukipanda teksi dai mita, akikataa acha, chukua nyingine, au tumia apu ya simu ujue bei kabla hujakaa.